Kuchelewesha michango ya pensheni "miezi mitatu tu": jibu kwa mwenye kiwanda

*"Nina kiwanda kidogo cha kushona sare hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Wafanyakazi ni 43. Mwaka 2017 nilianzisha skimu ya pensheni ili mafundi wangu wazuri wasinihame. Mfanyakazi anakatwa 5% ya mshahara, nami naongeza 7%. Kwa mwezi ni kama shilingi 180,000: 75,000 zao na 105,000 zangu. Mimi ndiye mwenyekiti wa wadhamini. Tuko wanne, na wawili kati yetu walichaguliwa na wafanyakazi. Sasa kaunti niliyoishonea sare za hospitali haijanilipa, huu ni mwezi wa nane. Mhasibu wangu anashauri tushikilie michango miezi mitatu, tulipe mishahara kwanza, halafu tulipe yote kwa mkupuo pesa zikiingia. Benki nayo inasema tukiwapelekea milioni 15 kati ya milioni 18 za skimu kama amana ya muda maalumu, watanipa ovadrafti kwa riba nafuu. Mmoja wa wadhamini wa wafanyakazi amekataa, na sasa anadai kuona makaratasi yote. Nauliza: si pesa hizi nyingi zimetoka mfukoni mwangu? Na kama kuna kampuni ninayoilipa kila mwaka isimamie skimu, kosa likitokea si ni lao?"*

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na sikuona mahali unapotaka kumdhulumu mtu. Unachotafuta ni namna ya kuwafikisha watu 43 mwisho wa mwezi huku serikali ya kaunti imekukalia pesa zako. Wenye viwanda wengi wa Nairobi waliowahi kuuzia serikali wanaujua usingizi unaokosa. Kwa hiyo nitakujibu bila kukuzungusha.

Makato ya wafanyakazi huwezi kuyashikilia, hata kwa mwezi mmoja. Mpango wa benki ni mbaya kuliko ule wa mhasibu, na ningekuomba uukatae kwa maandishi wiki hii. Lawama nazo haziendi kwa kampuni unayoilipa. Hata hivyo, katika zile shilingi 105,000 zako upo mlango halali wa kupunguza mzigo. Ni mwembamba, na unapitwa kwa utaratibu wake.

Kwanza tumalizane na hili la "mfukoni mwangu", kwa sababu ndilo linalozaa mengine yote.

Mfanyakazi wako anayelipwa 35,000 anakatwa 1,750 kwa ajili ya skimu. Shilingi hizo hazijawahi kuwa zako. Ni mshahara wake, ameshaufanyia kazi, ila amekuruhusu uupeleke mahali fulani kwa niaba yake. Wewe hapo ni tarishi. Zile 2,450 unazoongeza zilikuwa zako mpaka zilipofika siku ya kulipwa chini ya kanuni za skimu. Tangu siku hiyo ni deni lako kwa skimu, na zikishaingia huko haziwezi kurudi kiwandani kwa sababu kiwanda kina shida. Skimu imeundwa kwa hati ya udhamini, na mali yake imetengwa kabisa na mali ya kampuni. Kampuni ikifilisika kesho, wanaokudai hawawezi kuzigusa zile milioni 18. Hiyo ndiyo sababu ya kuiunda hivyo. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ilipitishwa mwaka 1997, na kabla ya hapo kila mwajiri aliendesha mambo kivyake. Wako waliostaafu na kukuta mfuko ni jina tu.

Lugha yetu nayo imechangia mkanganyiko huu. Tunasema "mdhamini" kwa mtu anayekusimamia mkopo kwenye sako, tunasema "mdhamini" kwa kampuni inayoinunulia timu jezi, na tunasema "mdhamini" kwa anayeshika mali ya wengine. Neno ni ndugu wa "dhamana", kwa hiyo meneja wa benki akisema skimu ikupe dhamana, sikio halishtuki. Mdhamini wa skimu hana undugu na hao wawili wa kwanza. Huyu ni mshika amana. Bibi zetu walilijua jambo hili bila wakili: jirani akikuachia mbuzi akasafiri, humkami ukauza maziwa kulipia karo ya mwanao, hata kama unanuia kurudisha, hata kama majani anayokula ni ya shamba lako.

Sasa tuje kwenye ushauri wa mhasibu wako.

Kanuni za skimu za waajiri zinataka michango, yako na yao, iwe imefika ndani ya siku 10 za mwezi unaofuata. Mshahara wa Machi, basi, michango yake iwe imeingia kufikia tarehe 10 Aprili. Ukikata na usiwasilishe, Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, hii tunayoiita RBA, inaweza kukutoza faini ya 5% ya kiasi ulichokalia au shilingi 20,000, ikichukuliwa iliyo kubwa zaidi. Kwa miezi mitatu makato ya wafanyakazi wako ni 225,000. Asilimia tano yake ni 11,250, kwa hiyo ungetozwa 20,000.

Najua mhasibu atakachosema hapo, maana nimewasikia wengi. Atasema 20,000 ni bei rahisi kuliko riba ya benki kwa miezi mitatu. Kwa hesabu ya karatasini hakosei sana, na mtego ndio huo. Faini ya RBA ni kipande kidogo tu cha gharama. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema mwajiri anayekata pesa kwenye mshahara na asizifikishe zinakotakiwa ametenda kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kosa la jinai halilipwi na mhasibu.

Halafu kuna hili ambalo nadhani hakuna aliyekuonyesha. Wewe umekalia viti viwili: kiti cha mwajiri na kiti cha mwenyekiti wa wadhamini. Sheria ya 1997, kifungu cha 40, inawaagiza wadhamini waiarifu RBA mchango wowote ukikaa bila kulipwa zaidi ya siku 30. Kwa hiyo siku ya 31, yule wewe wa kiti cha pili atatakiwa kuandika barua ya kumshtaki yule wewe wa kiti cha kwanza. Usipoandika, makosa yanakuwa mawili, na la pili ni lako binafsi, si la kampuni. Wenzako watatu pia wako hatarini wakinyamaza kwa kukustahi. Yule aliyekataa ameliona hili pengine bila hata kusoma kifungu.

Tuache sheria kidogo, tutazame kinachomfika mfanyakazi. Skimu yako ni ya aina ambayo mtu hulipwa kilichochangwa pamoja na faida iliyopatikana, hakuna kiwango kilichoahidiwa. Miezi mitatu ambayo pesa haziko kazini ni miezi mitatu ya faida isiyopatikana, na faida hiyo nayo ingezaa faida kwa miaka 20 mbele. Kwa mtu mmoja ni pesa chache. Jambo zito zaidi ni bima. Kama skimu yako imeambatana na bima ya maisha ya kundi, na malipo yake yanatoka kwenye michango hiyo hiyo, kuchelewa kunaweza kuiacha bima bila kulipiwa. Fundi akigongwa na matatu kwenye Barabara ya Jogoo wiki hiyo, mjane wake atakuja ofisini kwako kuuliza bima iko wapi, nawe utakuwa na maelezo ya mtiririko wa pesa. Hebu angalia hati ya bima leo kabla ya kuendelea kusoma. Kweli.

Na watajua. Zamani taarifa ya mwaka ilikuja kwenye bahasha na ikakaa kwenye droo ya ofisi. Siku hizi wasimamizi wengi wamewapa wanachama njia ya kuangalia salio kwenye simu. Fundi analinganisha peslipi na salio wakati wa chai ya saa nne. Nilipokuwa karani kijana, miaka mingi iliyopita, niliajiriwa kwenye ofisi moja hapa mjini ambayo ilikalia michango kwa zaidi ya mwaka. Mzee mmoja wa lindo alistaafu, akaja na peslipi zake zote zimefungwa kwa mfuko wa unga, kila moja imekunjwa sawasawa, akaziweka mezani kwangu moja moja bila kusema neno. Miezi 14 haikuwa kwenye taarifa yake. Alilipwa mwishowe, baada ya kusumbuka sana. Mpaka leo nikiandika juu ya michango namwona akinyoosha zile karatasi kwa kiganja.

Tuhamie kwa benki.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinakataza mali ya skimu kutumiwa kumkopesha mtu yeyote, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kinaendelea kukataza kitu kile kile ulichopewa: kuweka pesa za skimu benki kwa nia ya kumpatia mwajiri, mdhamini, mwanachama au meneja mkopo wa riba nafuu au manufaa mengine. Waliotunga sheria walikuwa wameshakutana na wazo la meneja wako wa benki. Hapa hakuna tafsiri ya kubishania.

Hata bila kifungu hicho mpango ungekwama. Jedwali la uwekezaji lililo kwenye kanuni za sheria hiyo linaruhusu hadi 30% tu ya mali ya skimu kuwekwa kwenye amana za muda maalumu. Milioni 15 kati ya 18 ni zaidi ya 83%. Na mtu mwenye mamlaka ya kuhamisha pesa si wewe. Skimu kama yako inatakiwa kuwa na meneja wa uwekezaji aliyesajiliwa, anayefuata sera ya uwekezaji iliyoandikwa na wadhamini, na benki nyingine inayotunza mali yenyewe, isiyo meneja huyo huyo. Mikono imetenganishwa kusudi, ili uamuzi wa mtu mmoja aliyebanwa saa kumi na moja jioni usiweze kuondoka na uzee wa watu 43. Meneja wako akikubali kuhamisha kwa simu yako tu, una tatizo lingine, na ni la kutafuta meneja mwingine.

Nadhani utauliza, kama wengi wanavyouliza, mbona wafanyakazi wenyewe wanaruhusiwa kutumia pensheni kwa nyumba? Ni kweli. Mwanachama anaweza kuweka hadi 60% ya mafao yake kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba, na tangu 2020 anaweza kutumia hadi 40%, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Lakini huyo anatumia fungu lake mwenyewe, kwa jambo moja lililotajwa, kwa kanuni zilizoandikwa. Wewe ungetumia mafungu ya watu 43 kwa deni la kaunti.

Kuhusu kampuni unayoilipa, nakubali hapa sekta yetu imewapotosha waajiri. Mauzo hufanywa kwa maneno kama "tuachieni sisi, ninyi shoneni sare". Msimamizi wa skimu anatunza daftari la wanachama, anakokotoa mafao, anaandaa taarifa, anakumbusha tarehe. Akikosea hesabu atawajibika kwa kosa lake. Jukumu la kuhakikisha skimu inaendeshwa kwa maslahi ya wanachama linabaki kwa wadhamini, na jukumu la kuleta michango linabaki kwa mwajiri. Msimamizi hawezi kuwasilisha pesa ambazo hukumpa. Tena msimamizi makini akiona michango haijaja atakuandikia, na nakala za barua hizo ndizo zitakazosomwa mbele ya hakimu kuonyesha kwamba ulijua.

Mengine ya mdhamini nitayataja mbiombio, maana barua yako haikuyagusa. Hesabu zilizokaguliwa zifike RBA ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka wa fedha kwisha. Wanachama waitwe kwenye mkutano wa mwaka na wapewe taarifa ya salio. Sera ya uwekezaji ipitiwe kila miaka mitatu. Fomu za warithi zisikae tupu: mwanachama akifariki, mafao hayaingii kwenye mirathi, hulipwa aliowataja, na kama hakutaja mtu ni wadhamini watakaoamua wagawe vipi. Ukitaka kujua uzito wa kiti ulichokalia, subiri siku ya kuketi kati ya mke na ndugu wa marehemu mkiamua hilo.

Haya. Utafanya nini na upungufu wako?

Tofautisha makapu mawili. Kapu la 75,000 halijadiliwi. Liondoke kabla hata hujalipa umeme. Kapu la 105,000 ndilo lenye ule mlango. Kiwango cha mchango wa mwajiri kimeandikwa kwenye kanuni za skimu, na kanuni zinaweza kurekebishwa kwa ajili ya siku zijazo. Unaweza kuomba 7% ishuke hadi, tuseme, 3% kwa miezi sita, au isimamishwe kwa muda, kisha irudi. Wadhamini wanakaa kikao, marekebisho ya hati yanaandaliwa na wakili, yanapelekwa RBA, na wanachama wanaarifiwa. Kwa kuwa pensheni ni sehemu ya masharti ya kazi, Sheria ya Ajira kifungu cha 10 inakutaka ushauriane na wafanyakazi na kuwapa badiliko hilo kwa maandishi. Miezi iliyokwisha kupita hairekebishiki. Kama umeshachelewesha Machi, mchango wa Machi unadaiwa wote kwa 7%.

Sitakuficha kwamba njia hii ina uchungu wake. Utasimama mbele ya mafundi wako na kusema kaunti haijalipa, nami sina. Wengine wataanza kutafuta kazi kwingine, na skimu uliianzisha ili wasiondoke. Lakini nimeshuhudia viwanda viwili vikipita hapo, na kilichowashangaza wenye viwanda ni kwamba watu walikubali. Mfanyakazi wa Nairobi anazijua nyakati ngumu kuliko sisi. Asichosamehe ni kukuta amekatwa na pesa hazikufika.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kupunguza chochote. Hukuniambia NSSF yako imepangwaje. Chini ya Sheria ya NSSF ya 2013, ambayo utekelezaji wake ulianza Februari 2023, mwajiri anachangia 6% na mfanyakazi 6%, kwa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza lazima iende NSSF. Ya pili, kwa idhini ya RBA, inaweza kupelekwa kwenye skimu ya mwajiri. Ngazi ya kwanza ni 6% ya mshahara hadi kiwango cha chini, ya pili ni 6% ya kinachozidi hapo hadi kiwango cha juu. Viwango hivyo vimekuwa vikipanda kila Februari: mwaka 2023 cha chini kilikuwa 6,000 na cha juu 18,000, mwaka 2025 vilikuwa 8,000 na 72,000. Chukua fundi wako wa 35,000 kwa viwango hivyo vya 2025. Ngazi ya kwanza ni 480, ya pili ni 1,620, jumla 2,100 kutoka kwake na 2,100 kutoka kwako. Ikiwa hiyo ya pili unaipeleka kwenye skimu yako, basi sehemu hiyo ni ya kisheria na haipunguzwi kwa kikao chochote. Ikiwa yote inaenda NSSF na skimu yako iko juu ya hapo, ile 7% ni ya hiari yako ya mwanzo, na una nafasi ya kusogea. Mwulize mhasibu swali hili kabla ya yote. Akisita, kaa naye mfungue faili la mishahara pamoja.

Upande wa pesa zenyewe, kopa kwa jina la kampuni na kwa mali ya kampuni. Ziko benki na kampuni za fedha zinazotoa mkopo juu ya ankara iliyokubaliwa na mnunuzi. Ankara za kaunti wengi wanaziogopa, na wanaokubali watakukata vizuri. Ni ghali, ila ni deni lako safi ambalo halimgusi mzee wa lindo. Ongea pia na wauzaji wako wa kitambaa. Muuzaji akisubiri wiki sita ni biashara. Mfanyakazi hakukubali kukukopesha pensheni yake.

Je, uhamie skimu ya mwavuli, ambapo waajiri wengi wadogo wako chini ya hati moja na kampuni ya udhamini? Kwa kiwanda cha watu 43, mimi ningelifikiria hilo kwa dhati. Gharama za mkaguzi, meneja na benki ya kutunza mali zinagawanywa, na wewe unatoka kwenye kile kiti cha pili kinachokuchanganya. Unachopoteza ni sauti: sera ya uwekezaji haitakuwa yenu peke yenu. Lakini usiende huko ukidhani unakimbia tarehe 10. Kiti cha mwajiri utabaki nacho, na mdhamini wa huko hana sababu ya kukuonea haya siku ya 31. Tena huwezi kuhama na madeni yakiwa hayajalipwa.

Kama kuna mwezi umeshapita bila kulipwa, na barua yako imeniachia shaka hiyo, usingoje pesa za kaunti. Lipa makato ya wafanyakazi hata kama ni kwa kuuza cherehani mbili. Waandikie wadhamini, utaje kiasi, mwezi, na tarehe utakayomaliza sehemu yako. Soma hati ya udhamini uone inasema nini juu ya riba ya kuchelewa, uiweke kwenye hesabu. Siku 30 zikipita, wadhamini waiandikie RBA wenyewe, wakiambatanisha mpango wako wa malipo. Nakuambia kwa uzoefu: barua inayotoka kwenu hupokelewa tofauti na malalamiko yanayotoka kwa mfanyakazi. Kwenye kikao kitakachojadili deni hilo, wewe toa maelezo yako kama mwajiri, halafu uache mwingine aongoze na uamuzi ufanyike bila kura yako. Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba ulitoka.

Mambo haya usiyamalize kwa kunisoma mimi. Ikiwa zaidi ya mwezi mmoja umechelewa, ikiwa mfanyakazi yeyote ameshakwenda kwa wakili au chama cha wafanyakazi, ikiwa hujui hati ya udhamini iko wapi, au ikiwa kuna karatasi yoyote ya benki uliyokwisha kuweka saini juu ya zile milioni 15, tafuta wakili anayefanya kazi za pensheni, umpelekee faili zima. Wakili wa mashamba, hata awe rafiki yako wa miaka, si huyu. RBA wenyewe wako Upper Hill, jengo la Rahimtulla Tower. Wanapokea waajiri, si wanachama tu, na ni afadhali uwafikie kwa miguu yako.

La mwisho ni yule mdhamini anayedai makaratasi. Sijui kama mmeshaanza kumwona ni mkorofi. Mhasibu wako bila shaka amemwona hivyo. Katika skimu ya aina yenu nusu ya wadhamini wanachaguliwa na wanachama kwa sababu hii hii, na yeye ana haki ya kuona kila ukurasa unaouona wewe, kwa sababu anabeba dhima ile ile. Mtu aliyekataa mpango wa benki huenda amekuepusha na kesi. Mwandalie faili: hati ya udhamini, taarifa za benki inayotunza mali, barua za msimamizi, orodha ya michango ya miezi 12. Mpe kabla ya kikao, si kikaoni, apate muda wa kusoma. Kisha mwulize ni nani kati ya mafundi atakayewaelezea wenzake vizuri habari ya ile 7%, maana wewe ukienda peke yako watasikia sauti ya bosi.